Saa, Kihesabio na Kiamshi: Istilahi za Wakati katika Kompyuta Mpakato

Miongoni mwa mambo yanayomtatiza mfasiri wa maandishi ya kiufundi ni neno lililozoeleka mno. Neno geni humshtua. Hulitafuta katika kamusi, huwauliza mafundi, na hupima visawe kabla ya kuandika. Lakini neno la kila siku hupita bila ya kuulizwa habari zake. Katika makala haya tunakusudia kulichunguza neno moja la namna hiyo, yaani saa, kwa jinsi linavyotumika kuelezea hitilafu za vipima wakati katika kompyuta mpakato zinazoendeshwa kwa mifumo ya jamii ya Unix, kama vile Linux na FreeBSD. Tunatumaini kuonyesha kwamba hapa istilahi si pambo la lugha, bali ni sehemu ya matengenezo yenyewe.

Mwandishi wa makala haya alipata kuombwa kufasiri mwongozo mfupi wa matunzo ya kompyuta kwa ajili ya shule moja ya sekondari. Matini ya asili ilikuwa na majina matatu: la chombo kinachotunza tarehe mashine ikiwa imezimwa, la chombo kinachohesabu wakati mashine ikiwa kazini, na la chombo kinachoiamsha mashine pindi muda uliowekwa unapotimia. Mfasiri aliyaandika yote matatu "saa". Sentensi zilisomeka vizuri na hakuna aliyelalamika. Baada ya miezi kadhaa, mwalimu aliyekabidhiwa mashine aliona kwamba inabaki nyuma dakika nyingi kila siku, na kwamba mara kwa mara inaganda mpaka mtu abonyeze kitufe. Alifungua mwongozo akakuta imeandikwa: "Saa ikikosa majira, badilisha betri ya saa." Akanunua betri, akaifungua mashine, na katika kuifungua akaukata utepe wa waya unaounganisha kibodi. Betri ya zamani ilikuwa nzima. Hitilafu ilibaki palepale, na juu yake mashine ikawa haina kibodi. Mwalimu alifuata maandishi barabara. Kosa lilikuwa la mfasiri.

1. Neno saa na mizigo yake

Neno saa lilitujia kutoka Kiarabu, na katika Kiswahili limebeba maana tatu. Kwanza, ni chombo: saa ya mkononi, saa ya ukutani. Pili, ni kipimo cha muda wa dakika 60. Tatu, ni nukta fulani katika siku. Mtu asemaye "nilimngoja saa mbili" na asemaye "nilimngoja mpaka saa mbili" wote wametumia neno moja, na msikilizaji huzipambanua maana kwa muktadha. Katika mazungumzo muktadha hutosha, kwa kuwa aliyeshindwa kuelewa huuliza. Katika mwongozo wa fundi hautoshi, maadamu msomaji hana wa kumwuliza.

Kadhalika kuna suala la mahali pa kuanzia kuhesabu. Mashine ikionyesha 14:00, sisi husema saa nane mchana. Tofauti hiyo ya saa 6 si kosa la yeyote; ni desturi mbili za kuhesabu siku ileile. Tutaona baadaye kuwa hata mashine zenyewe zina desturi mbili, na kwamba mgongano wake mara nyingi hudhaniwa kuwa ni ubovu.

Hata hivyo, lugha yetu si maskini katika uwanja huu. Tunasema saa inakimbia, inabaki nyuma, imesimama, haina majira. Na anayeirekebisha tunasema anaitia majira. Kila usemi kati ya hizo unataja hali tofauti. Mfasiri hana haja ya kuunda maneno mapya hapa. Ana haja ya kuyatumia kwa uangalifu haya aliyorithi.

2. Vyombo vyenyewe

Ndani ya kompyuta mpakato hamna saa moja, bali vipima wakati kadhaa vyenye kazi mbalimbali. Tuvitazame kimoja kimoja.

Cha kwanza ni kile tunachopendekeza kukiita saa ya betri. Hiki ndicho kinachoendelea kwenda mashine ikiwa imezimwa, kwa umeme kidogo wa betri yake ndogo au, katika baadhi ya mashine, wa betri kuu. Kompyuta ya IBM PC AT ya mwaka 1984 ilikuwa na kidude cha Motorola kwa kazi hii, na mwenendo wake umerithiwa na mashine nyingi hata leo. Moyo wake ni fuwele ndogo inayotetema mara 32,768 kwa sekunde. Hesabu hiyo haikuchaguliwa ovyo: ukiigawanya kwa mbili mara 15 unapata moja kamili, yaani pigo moja kwa kila sekunde. Fuwele ya kawaida inaweza kukosea kiasi cha sehemu 20 katika milioni, ambazo ni sekunde 1.7 hivi kwa siku, au chini ya dakika moja kwa mwezi. Kipimo hiki kinafaa kukumbukwa. Saa ya betri inayokosea sekunde moja au mbili kwa siku si mbovu. Na mashine inayopoteza dakika nyingi kwa siku ikiwa kazini haielekei kuwa na kosa katika fuwele hiyo.

Cha pili si chombo, bali ni hesabu. Tukiite saa ya kiini. Kiini ni ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, inayogawa kazi kwa programu nyingine zote. Mashine inapowashwa, kiini huisoma saa ya betri ili kujua tarehe, kisha huiacha na kutunza hesabu yake chenyewe. Katika mifumo ya jamii ya Unix hesabu hiyo ni ya sekunde zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1970. Saa tunayoiona pembeni mwa kioo ndiyo hii. Ni jambo la kushangaza kwa wengi kwamba saa hiyo haitoki kwenye betri. Lakini ndilo jambo ambalo mwongozo wetu ulishindwa kumwambia mwalimu.

Cha tatu ni kihesabio. Ili kiini kijue wakati umesonga kiasi gani, kinahitaji kitu kinachoongezeka kwa mwendo usiobadilika. Vitu hivyo ni vingi. Kimojawapo, cha tangu enzi za kompyuta za IBM PC za mwaka 1981, hupigwa mara 1,193,182 hivi kwa sekunde. Kingine, ambacho Linux hukiandika acpi_pm, huhesabu mara tatu ya kiasi hicho, yaani 3,579,545. Kingine huandikwa hpet, nacho huhesabu si chini ya mara milioni 10 kwa sekunde. Cha mwisho huandikwa tsc, nacho kimo ndani ya prosesa yenyewe. Kilianza kuonekana katika prosesa za Pentium za mwaka 1993. Hiki cha mwisho husomwa upesi kuliko vyote, na ndiyo sababu kiini hukipendelea.

Kasi yake, hata hivyo, ilikuja na mtego. Hapo zamani tsc ilihesabu mapigo ya prosesa, na prosesa ya kompyuta mpakato hupunguza mwendo ili kuokoa betri. Mwendo ulipopungua, hesabu nayo ilipungua, na kiini kikadhani wakati umekwenda polepole. Ni sawa na karani anayepima mchele kwa pishi ambayo inabadilika ukubwa bila ya yeye kujua: anahesabu kwa uaminifu, na kila siku hesabu yake ni ya uongo. Prosesa za miaka ya baadaye zilirekebishwa ili tsc iende kwa mwendo mmoja hata prosesa ikipunguza kasi au ikilala, lakini si mashine zote zilizomo mikononi mwa watu zilizo na sifa hiyo.

Cha nne ni kiamshi. Kihesabio hujibu swali "sasa ni wakati gani?" Kiamshi hufanya kazi nyingine kabisa: huambiwa "niamshe baada ya muda kadha", na muda ukitimia hupeleka kwa prosesa ishara ya kukatiza. Tofauti yao ni kama ile iliyopo kati ya saa ya ukutani na mpiga ngoma wa daku. Saa ya ukutani yaweza kuwa sahihi kabisa, lakini haitamwamsha aliyelala. Na mpiga ngoma akipitiwa na usingizi, mtaa mzima utakosa daku ijapokuwa saa zote za mtaa ni sahihi. Prosesa ya kompyuta mpakato hulala mara nyingi sana, hata kati ya herufi moja na nyingine unapopiga chapa. Kila inapolala hutegemea kuamshwa.

3. Kutoka dalili hadi chombo

Baada ya kuvipambanua vyombo, uchunguzi unakuwa mwepesi, kwani kila chombo kina dalili zake.

Dalili ya kwanza: mashine huonyesha saa sahihi ikiwa kazini, lakini ikizimwa usiku, asubuhi huamka na tarehe ya miaka iliyopita. Huyu ndiye mgonjwa wa saa ya betri, na hapa ushauri wa kubadilisha betri ni wa haki.

Dalili ya pili: saa inakosea kwa saa 3 kamili, bila ya kuzidi wala kupungua dakika. Hapa hapana ubovu wowote. Mifumo ya jamii ya Unix kwa kawaida huichukulia saa ya betri kuwa inaonyesha saa za dunia, kisha huongeza tofauti ya mahali. Na kwa Afrika Mashariki tofauti hiyo ni saa 3. Mfumo wa Windows kwa desturi yake huandika humo saa za mahali zilivyo. Mashine moja ikiwekewa mifumo yote miwili, Windows itaandika 14:00, nayo Linux itaisoma kuwa ni saa za dunia na kuonyesha 17:00. Ikiwa ni saa nane mchana, mwenye mashine ataambiwa ni saa kumi na moja jioni. Dawa yake ni makubaliano: mfumo mmoja uambiwe ufuate desturi ya mwingine.

Dalili ya tatu: mashine ikiwa kazini, saa yake inakimbia au inabaki nyuma kwa dakika nzima nzima. Katika Linux amri date huonyesha saa ya kiini, nayo amri hwclock huonyesha saa ya betri. Mtazamaji aziandike zote mbili, angoje saa moja, kisha aziandike tena na kuzilinganisha na saa ya mkononi. Ikiwa saa ya betri imekwenda sawa na ile ya mkononi, lakini saa ya kiini imeachana nazo, basi kosa limo katika kihesabio. Kubadilisha betri hapa ni kumtibu jirani wa mgonjwa.

Dalili ya nne: mashine huganda, na mtu akigusa kitufe huendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Kitufe hupeleka ishara yake ya kukatiza, nayo prosesa huamka kwa sababu hiyo. Hii ni alama ya kiamshi kisichofanya kazi wakati prosesa iko katika usingizi mzito. Viamshi vilivyomo ndani ya prosesa za zamani vilikuwa na kasoro hiyo hasa: prosesa ikilala sana, kiamshi chake hulala nayo. Mashine ya yule mwalimu ilikuwa na dalili ya tatu na ya nne pamoja, wala haikuwa na ya kwanza.

Wapo wanaotaka kumaliza taabu yote kwa kuiacha mashine ijitie majira kutoka kwenye mtandao. Hili ni jema, lakini lina mpaka. Programu zinazofanya kazi hiyo husogeza mwendo wa saa polepole, na kwa njia ya kawaida Linux hairuhusu kuusogeza hivyo zaidi ya sehemu 500 katika milioni, ambazo ni sekunde 43 hivi kwa siku. Kosa likizidi hapo, saa yaweza kuwa ikirushwa kwa vishindo mbele na nyuma, na nyaraka zikabeba nyakati zisizofuatana. Kutia majira kila mara si kutengeneza.

4. Shahidi asiyeaminika

Kiini cha Linux hakikiamini kihesabio chake moja kwa moja. Kila nusu ya sekunde hivi hulinganisha kihesabio kinachotumika na kingine kilichowekwa kuwa mlinzi. Tofauti ikizidi kiwango, huandika katika kumbukumbu zake kwamba tsc si thabiti, na kuhamia kwenye kihesabio kingine kilicho polepole zaidi. Ujumbe huo ndio mfasiri hukutana nao mara nyingi, naye hushawishika kuandika: "saa ya prosesa imeharibika."

Mambo yaliyotokea mwaka 2019 yanatuonya tusiharakishe. Baadhi ya kompyuta zenye prosesa za Intel za kizazi kiitwacho Coffee Lake zilikuwa zikitoa ujumbe huo. Watunzaji wa kiini walipochunguza waligundua kwamba tsc haikuwa na hatia. Mlinzi wake, hpet, ndiye aliyekuwa akikengeuka kila mashine ilipoingia katika usingizi wake mzito kuliko wote. Kiini kililinganisha viwili, kikaona vimeachana, na kikamhukumu mshtakiwa kwa ushahidi wa shahidi mwongo. Mwaka huohuo kiini kilirekebishwa ili hpet isitumike katika mashine za aina hiyo.

Hapa mfasiri ana la kujifunza. Ujumbe wa mashine haukusema kuwa tsc imeharibika. Ulisema kuwa imeonekana kutokuwa thabiti kwa kulinganishwa na kingine. Tafsiri inayochukua nafasi ya hakimu humnyima msomaji njia ya kuufikia ukweli. Afadhali kuandika: "Kihesabio tsc kimekengeuka kutoka kwa mlinzi wake; kimewekwa kando." Fundi atajua kwamba anapaswa kuwachunguza wote wawili.

Katika Linux, faili iitwayo current_clocksource, iliyomo katika saraka /sys/devices/system/clocksource/clocksource0, hutaja kihesabio kinachotumika, na ile iitwayo available_clocksource hutaja vilivyopo. FreeBSD hupanga vihesabio na viamshi katika orodha mbili mbali mbali, kern.timecounter na kern.eventtimer, na hukipa kila kimoja alama ya ubora. Kihesabio chenye alama iliyo chini ya sifuri hakichaguliwi mpaka mtu akitake. Mifumo yenyewe, basi, imekwisha kutenga kile ambacho tafsiri zetu bado zinakichanganya.

Kuhusu tiba tuseme kwa ufupi. Kwanza, mwenye mashine atafute toleo jipya la programu ya kuanzishia mashine na la kiini, kwani kasoro nyingi za aina hii hurekebishwa humo. Lisipopatikana, kiini chaweza kuamriwa wakati wa kuwasha: clocksource=hpet hukilazimisha kutumia kihesabio hicho, hpet=disable hukiondoa, na processor.max_cstate=1 huizuia prosesa isilale sana; kwa prosesa nyingi za Intel amri ya namna hii ni intel_idle.max_cstate=1. Kila dawa ina gharama yake. Kihesabio cha polepole huipunguzia mashine wepesi, na prosesa isiyolala hula betri upesi. Kwa hiyo zitumiwe baada ya uchunguzi, moja baada ya moja.

5. Istilahi zinazopendekezwa

Kipima wakati: jina la jumla la chombo chochote kinachohusika na wakati ndani ya mashine. Lisitumike panapotakiwa jina mahususi, kwa kuwa halielezi kama chombo husomwa au huamsha.

Saa ya betri: chombo kinachotunza tarehe na saa mashine ikiwa imezimwa.

Saa ya kiini: hesabu ya wakati inayotunzwa na kiini mashine ikiwa kazini.

Kihesabio: chombo kinachoongezeka kwa mwendo maalumu, ambacho kiini hukisoma ili kujua muda uliopita. Tumeliacha umbo kihesabu kwa sababu laweza kueleweka kuwa kielezi, yaani "kwa njia ya hesabu".

Kihesabio mlinzi: kihesabio kinachotumika kukagua kingine.

Kiamshi: chombo kinachopeleka ishara muda uliowekwa unapotimia. Umbo lake linafuata mfano wa kivumishi na kielezi. Neno kengele halikufaa, kwani huleta dhana ya sauti inayosikiwa na mtu.

Ishara ya kukatiza: ishara inayoifanya prosesa iache ilichokuwa ikifanya, au iamke, ili kushughulikia jambo jingine.

Mkengeuko: kiasi ambacho kipima wakati kimeachana na kingine kinacholinganishwa nacho. Neno hili lisichanganywe na ubovu, kwa kuwa halisemi nani mwenye kosa.

Kutia majira: kuiweka saa sawa na nyingine inayoaminika.

Huenda baadhi ya wasomaji wakaona istilahi hizi ni nyingi mno kwa jambo dogo. Twakubali kuwa mtumiaji wa kawaida ataendelea kusema saa, na hatuna sababu ya kumkataza. Lakini mfasiri wa mwongozo, mwalimu wa ufundi, na mtumishi wa serikali anayeandika taarifa ya hitilafu wanaandika kwa ajili ya mtu atakayeshika bisibisi. Mwongozo wa shule ile umekwisha kuandikwa upya. Mahali palipokuwa na sentensi moja ya kubadilisha betri sasa pana sentensi nne, kila moja na dalili yake na chombo chake, na ile ya betri imeanza kwa maneno haya: "Iwapo tarehe hupotea mashine inapozimwa, na kwa sababu hiyo tu." Wasomaji wenye visawe bora kuliko hivi wanaombwa wavilete vijadiliwe.